Kidonda cha kidole tumbo kinanuka, maabara wanasema hakuna mdudu

Dada Mkubwa
Habari zenu wakuu, naombeni msaada. Mdogo wangu wa kiume, miaka 19, alipasuliwa siku sita zilizopita. Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Anachomwa seftriaksoni na gentamaisini. Jana nesi alipofungua bandeji, harufu ilijaa wodi, mpaka mzee wa kitanda cha jirani akaomba dirisha lifunguliwe. Usaha ni wa kijivu, mwepesi kama maji ya mchele. Walipangusa kwa pamba wakapeleka maabara, jibu: hakuna mdudu aliyeota. Leo wameongeza Flagyl ya dripu. Kama hakuna mdudu, dawa ya tatu ya nini? Flagyl mimi naijua ni ya amiba. Na hela ya dawa natafuta peke yangu.

Nesi Mstaafu
Pole sana mwanangu. Nimekaa wodi ya upasuaji miaka 22, harufu hiyo naijua kabla sijafika kitandani. Ni ya bakteria wasiotaka hewa. Makao yao ni utumbo mpana, kidole tumbo kikipasuka wanamwagika tumboni. Msumbufu wao mkubwa ni Bacteroides fragilis.

Gentamaisini haiwezi kupenya ndani ya bakteria pasipo oksijeni, kwa hiyo hawa haiwafanyi kitu. Seftriaksoni inaua wengi wa E. coli, bakteria wengine wa utumbo huohuo, lakini Bacteroides wana kimeng'enya cha kuivunja. Kiboko yao ni hiyo Flagyl: ikishaingia ndani ya mdudu asiyetumia hewa, inageuka sumu humohumo na kukatakata DNA yake. Amiba naye huishi vivyo hivyo, ndiyo maana inamuua. Ila E. coli haiwagusi, kwa hiyo usidhani seftriaksoni sasa haina kazi.

Kuhusu maabara, wadudu hawa hufa pamba ikipigwa na hewa njiani, na maabara nyingi hazina vifaa vya kuwaotesha. Jibu hilo lisikutulize.

Nakusihi, muulize daktari kama nyuzi zimefunguliwa. Usaha ukifungiwa chini ya ngozi, dawa haiufikii vizuri. Nimeshika kibakuli mwenyewe, nyuzi tatu zikatolewa, ukatoka nusu kikombe, na homa ikashuka usiku uleule.

Mfamasia wa Zamu
Mama kamaliza. Hata madaktari Flagyl waliijua kwanza kama dawa ya trikomonasi, ugonjwa wa zinaa. Mwaka 1962, London, mwanamke aliyekuwa akiitumia kwa ugonjwa huo alipona na fizi zake zilizokuwa zimeoza. Hapo ndipo nguvu hii nyingine ilipoanza kuonekana. Akianza kula vizuri, uliza kama anaweza kuhamia vidonge: mwili huvifyonza karibu sawa na dripu, na bei ni ndogo. Pombe asiguse. Atalalamika ladha ya chuma mdomoni, asiache dawa.

Dada Mkubwa
Shikamoo mama, asante sana. Nimemuuliza daktari, mchana huu wamefungua nyuzi nne. Usaha umetoka mwingi, kidonda wamekiacha wazi, wanakisafisha kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni. Ladha ya chuma kweli anayo, uji ameukataa. Jioni nampelekea ndizi mbivu.