Mzigo wa nguo kutoka Uturuki umekwama KIA, ushuru umekuwa mkubwa, naombeni ushauri

BintiWaPasua
Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Nina fremu ya nguo za wanawake hapa Moshi mjini, siku zote mzigo nachukua Kariakoo ila kwa sasa bei za kule mtu wa kati anakula kuliko mimi ninayelipa kodi ya fremu. Wifi yangu anaishi Istanbul, akawa ananitumia picha za maduka ya jumla ya Laleli na Merter, gauni zuri kitambaa kizito lina bitana mpaka chini, bei yake Dar siipati hata iweje. Nikatuma hela akaninunulia magauni, blauzi na nguo chache za watoto, invoisi inasoma dola 620, akaukabidhi kwa kampuni moja ya vifurushi ukaja na ndege.

Mzigo umefika KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Kijana wa hiyo kampuni kanipigia jana anasema forodha wameikataa invoisi, wameupandisha thamani mpaka dola 1,000, na jumla natakiwa kulipa kama dola 790 kwa hela ya kwetu, nitume kwenye namba yake ya simu leo leo kabla stoo haijaanza kuhesabu. Nimemuuliza hiyo hela ni ya nini na nini ananijibu "ushuru na mambo ya ofisi". Jamani 790 kwa mzigo wa 620?? Hii ni hela ya msimu mzima, Krismasi ndo hii inakuja na wateja wangu nishawaambia mzigo upo njiani. Je ni kweli ushuru wa nguo uko hivyo, na nifanyeje? Alafu mbele ya safari ni bora nitumie njia gani, mtu aje nao kwenye begi, nipitie kwa watu wa kilo wa Dar wanaosafirisha mizigo ya watu kwa bei ya kilo, au niachane na Uturuki nichukue Eastleigh kule Nairobi?

chalii_wa_Sakina
Pole sista. Usitume hata mia kwenye namba ya mtu. Hela ya serikali inalipwa kwa kontro namba, benki au kwa simu, na inatokea jina la TRA, yani mamlaka ya mapato, unapolipa. Akikuambia haiwezekani ujue kuna kitu.

WakalaMjini
Dada nipo kwenye kazi za kliaringi hapa Arusha, ngoja nikuwekee hesabu ujue unasimamia wapi.

Nguo mpya kutoka nje ya Afrika Mashariki ushuru wake ni asilimia 35, hicho ndo kiwango cha juu cha ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) kilichoanza Julai 2022, kabla ya hapo ilikuwa 25. Juu yake kuna VAT asilimia 18, na VAT haihesabiwi kwenye bei uliyonunulia, inahesabiwa kwenye bei ikiwa imeshabeba ushuru. Hapo ndo watu wengi wanapoumia kwasababu wanajumlisha 35 na 18 wanapata 53, kumbe ni kama 59 na ushee. Kwa thamani ya dola 1,000 ushuru ni 350, VAT ni asilimia 18 ya 1,350 yani 243, jumla 593. Weka tozo ya reli na ada ya forodha ambazo ni asilimia ndogo, weka na nauli maana upande wa VAT nauli inaingia, bado hufiki 790. Kinachobaki ni ada ya kampuni na stoo, na hizo lazima uandikiwe risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Kwa thamani ya 620 ushuru na VAT ni kama 368. Kwahiyo hapo kuna mambo mawili tofauti, thamani kupandishwa na huyo kijana kujiwekea cha juu, usiyachanganye.

Cha kwanza mwambie akupe namba ya TANSAD na nakala yake. Ile ndo hati ya forodha, inaonyesha thamani iliyokubaliwa, namba ya aina ya bidhaa, kila kodi na kiasi chake, na jina la mwenye mzigo. Hakikisha ni jina lako na TIN yako. Bila hiyo karatasi huna unachobishania.

BintiWaPasua
Asante sana mkuu, hii hesabu hakuna aliyewahi kunifafanulia hivi. Sasa hiyo thamani wanaipandisha kwa kigezo gani wakati invoisi ipo?

WakalaMjini
Sheria ya forodha ya EAC ya 2004 inasema thamani ya kuanzia ni bei uliyolipa kweli. Ofisa akiwa na shaka ana haki ya kuomba ushahidi, na akibaki na shaka ndo anashuka kwenye njia nyingine kama kulinganisha na mizigo inayofanana. Tatizo invoisi za maduka mengi ya jumla ni kikaratasi kimeandikwa kwa mkono "40 pcs dress" basi, hakuna kitambaa, hakuna bei ya kila moja, hakuna jina la mnunuzi. Mwambie wifi atume risiti za malipo, stetimenti ya benki inayoonyesha ulivyotuma hela, na meseji mlizoagiziana mzigo. Peleka vyote kwa barua.

Kitu kingine, uliza kama wameweka nauli ya ndege kwenye thamani ya kutozea ushuru. Jedwali la nne la hiyo sheria linasema mzigo ukija kwa ndege nauli haiongezwi kwenye thamani ya ushuru. Wengi hawaulizi.

Usiporidhika una siku 30 tangu uamuzi utolewe kuandika kwa Kamishna kuomba mapitio, ni kifungu cha 229, na yeye ana siku 30 za kukujibu. Ila piga hesabu ya stoo kwanza, maana mzigo unakaa pale wewe unabishania dola mia mbili na stoo inakula.

mtafutaji77
Mnamchosha bure dada wa watu. Next time mwambie wifi aandikishe invoisi ya dola 200 basi, wote ndo wanafanya hivyo.

mama_Doreen
Hapana mdogo wangu usimpotoshe mwenzio. Invoisi ya uongo ni kosa la forodha, mzigo unaweza kutaifishwa na faini juu. Na ndo hizo invoisi za dola 200 zimefanya maofisa wasiamini invoisi ya mtu yeyote, mpaka huyu aliyeandika ukweli anateseka.

Binti kuhusu begi, mimi nimekuwa nikisafiri. Msafiri aliyekaa nje zaidi ya saa 24 ana msamaha wa vitu vya mpaka thamani fulani anavyokuja navyo mwenyewe, lakini ni vya matumizi yake sio vya kuuza. Ofisa akifungua begi akakuta gauni moja rangi tano, saizi kuanzia S mpaka XXL, kila moja kwenye nailoni yake na lebo inaning'inia, hapo hakuna cha kumwambia kwamba ni nguo zako. Kwahiyo kama ni biashara mwambie mtu atamke mapema pale uwanjani, akadiriwe, alipe, achukue risiti atoke. Begi linasaidia kwasababu mzigo unatoka siku ileile na hakuna stoo wala kampuni katikati, sio kwasababu hakuna ushuru.

Pita_Kilo
Mimi nawatetea watu wa kilo. Unampa mzigo Guangzhou au Istanbul, anakwambia kilo ni kiasi gani mpaka Dar ushuru ndani, unapokea ubungo unapakia basi la Moshi. Mtaji wa milioni mbili tatu utaanza kuajiri wakala wa nini?

mama_Doreen
Kaka nakuelewa, kwa mtaji mdogo ndo njia iliyopo na wengi tumeanzia hapo. Ila mzigo wako umeingia ndani ya konteina moja na wa watu wengine kwa TANSAD ya mtu mwingine, siku TRA wakiingia dukani wakauliza hizi nguo zimeingiaje nchini utawaonyesha nini, karatasi ya kilo? Angalau wadai risiti ya EFD kwa jina lako, wasipotoa usiwape mzigo tena. Na mzigo ukipotea au ukiloa humo ndani huna wa kumshika.

Jirani_wa_Holili
Naongelea Eastleigh maana huku mpakani tunaona kila siku. Watu wanafikiri kwakuwa Kenya ni EAC basi nguo zinaingia bure. Kinachoangaliwa ni nguo imetengenezwa wapi. Suruali ya jinzi ya China hata uinunue Nairobi inabaki ya China, Holili au Namanga unalipa 35 kama kawaida. Zile zilizoshonwa Kenya zenye cheti cha uasili ndo ushuru wake sifuri, na kama mzigo hauzidi dola 2,000 kuna cheti rahisi cha wafanyabiashara wadogo unajaziwa palepale mpakani kwa bidhaa zilizo kwenye orodha.

Na usidanganywe na boda wa njia za panya. Wakikamatwa nguo zinaenda na pikipiki inaenda, nimeona mama analia pale Holili mzigo wote wa Pasaka umechukuliwa. Kama unawaza vitenge pia, ulizia kabla hujanunua, vipo orodha ya bidhaa nyeti na ushuru wake sio huu wa nguo za kawaida.

WakalaMjini
Naongezea hapo, dada usihesabu VAT kama hela itakayorudi. Kusajiliwa VAT ni mauzo ya kuanzia milioni 200 kwa mwaka tangu 2023, sisi wengine wa chini ya hapo hiyo 18 ni gharama ya mzigo moja kwa moja. Kabla wifi hajalipa chukua bei ya gauni, weka nauli, zidisha kwa 1.5 mpaka 1.6 na kidogo, ndo gharama yako mpaka Moshi. Kama hailipi mwambie aliache hukohuko Laleli.

BintiWaPasua
Wakuu nimerudi. Nimegoma kutuma hela kwenye simu, nikaomba TANSAD, kijana akaanza kuzunguka, nikampigia bosi wake nikapewa jioni. Kweli thamani ni 1,000, ila kodi zote zilizoandikwa ni 640 na kitu, ile nyingine hakuna maelezo. Nimepata kontro namba yangu. Wifi katuma risiti na stetimenti, kesho asubuhi napanda Noah mpaka KIA mwenyewe na barua mkononi nikaombe waiangalie upya kabla sijalipa. Wakikataa nalipa nitoe mzigo maana Krismasi hainisubiri, alafu naandika kwa Kamishna ndani ya hizo siku 30. WakalaMjini kama unatoza kuandika hiyo barua niambie ni shilingi ngapi.

WakalaMjini
Barua ya kwanza nakuandikia bure, nitumie TANSAD inbox usiku huu, ficha namba ya simu. Na ukifika pale omba jina la ofisa aliyethaminisha, uliza alilinganisha na mzigo upi, jibu lake liandike hapohapo.

chalii_wa_Sakina
Ondoka mapema sista, ukifika mchana utakuta foleni.