Madoa meupe kwa samaki wa bahari: kushusha chumvi, shaba, au kuhamisha tangi?

Mtu_wa_Kioo (Mombasa)
Wakuu, habari za jioni. Nina kangaja mmoja wa buluu, yule mwenye pezi la njano mgongoni, na wawili wale wa rangi ya chungwa wanaokaa kwenye anemoni (mnyama wa bahari anayefanana na ua). Kangaja ametoka madoa meupe mapezini, anajisugua kwenye bomba la filta, ila chakula anakula. Wote nimewatoa kwenye tangi kubwa la matumbawe, wako karantini ya lita 60: hakuna mchanga, hakuna mawe, ni filta ya sponji na hita tu. Nimesoma njia tatu na kila mmoja anasifia yake. Refraktomita (kifaa cha kupima chumvi) ninayo, kipimo cha shaba sina. Ipi ina unafuu?

BiNungwi
Kabla ya dawa, jua ugonjwa. Mmulike kwa tochi ubavuni, taa ya tangi ikiwa imezimwa. Ukiona madoa ya kuhesabika, hiyo ni Cryptocaryon irritans, kimelea cha madoa meupe, na unaweza kuchagua njia. Ukiona vumbi laini mwili mzima, samaki anahema mbiombio na hatoki kwenye mkondo wa pampu, hiyo ni Amyloodinium, kimelea kingine. Kushusha chumvi hakuifanyi kitu, inavumilia hata maji yenye chumvi kidogo sana. Hapo ni shaba, tena leo hii. Na hao wa anemoni wakianza kutoa ute mwingi unaoning'inia, usihangaike na chumvi wala shaba, huo ni ugonjwa mwingine.

Fundi_Maji
Kama ni madoa ya kuhesabika, mimi nakwambia shusha chumvi, maana kifaa unacho na tangi lako ni tupu.

Damu ya samaki wa baharini ina chumvi karibu theluthi moja tu ya bahari, kwa hiyo kwenye maji ya 12 kwa elfu (gramu 12 za chumvi kwa kilo ya maji; kwa kipimo cha uzito wa maji ni 1.009) hateseki, tena anapumzika kuhangaika kutoa chumvi mwilini. Kimelea ndicho kinachoumia. Kikishamwachia samaki kinajifungia kwenye kifuko chini ya tangi, na kwenye maji hayo kifuko kinaharibika kabla hakijatoa watoto. Ukiishia 16 umejichosha bure. Lazima ufike 12 na ubaki hapo.

Hesabu ya lita 60 ukianzia 35, chumvi ya kawaida ya bahari: toa lita 17 uweke maji matamu, utafika 25. Toa tena 17, utafika 18. Mara ya tatu toa 20, utafika 12. Gawa hatua hizo kwa siku mbili. Maji yawe na joto lile lile la tangi na yasiwe na klorini.

Angalizo kwako uliye Mombasa: visima vingi huko vina maji ya chumvi chumvi. Ukimimina hayo hesabu yote inavurugika. Pima kwanza, ama nunua maji ya mtungi yaliyochujwa.

Kinachoshinda wengi ni mvuke. Joto la pwani linakausha maji, chumvi inabaki, na kiwango kinapanda kimya kimya. Chora mstari kwenye kioo kwa kalamu, ujazie maji matamu asubuhi na jioni. Haidromita ile ya mshale ya kupimia chumvi iache dukani, haiaminiki. Kaa hapo wiki nne kamili baada ya doa la mwisho kupotea.

Abu_Rayyan (Dubai)
Mimi ni mtu wa shaba, sifichi. Maji ya bahari ya Ghuba hapa kwetu yanagonga 40, kwa hiyo safari ya kushuka ni ndefu zaidi. Isitoshe, wako vimelea wa aina hiyo hiyo wanaovumilia chumvi kidogo, na hutajua unao hadi wiki zimepita. Shaba iliyofungwa (dawa ya shaba iliyoshikanishwa na kemikali nyingine) ikae miligramu 2.0 hadi 2.5 kwa lita, siku 30, basi. Inaua na ile ya vumbi pia.

BiNungwi
Shaba bila kipimo, bwana Abu? Mwenzio amesema hana. Ikipungua haiui kimelea, ikizidi inaua samaki.

Abu_Rayyan (Dubai)
Sawa dada, anunue kipimo kwanza. Na asichanganye shaba na maji ya chumvi kidogo, sumu yake inaongezeka.

Shangazi_Tumbawe
Mmesahau kuhamisha. Kila baada ya saa 72 samaki anaingia tangi safi, mara nne mfululizo. Kimelea kinachodondoka kinaachwa nyuma kabla hakijaangua. Hakuna dawa, hakuna wiki nne. Unahitaji matangi mawili na kila kitu kikauke kabisa kati ya zamu, hata bomba la hewa. Kangaja usimkamate kwa wavu: ana mwiba mkali mkiani, utanasa na kumchubua. Mkinge na bakuli la plastiki.

Mtu_wa_Kioo (Mombasa)
Tangi la pili sina, na umeme wa mtaani kwetu ni wa kubahatisha. Nimemulika, madoa yanahesabika. Basi naanza na chumvi. Je, siwezi kushusha kwenye tangi kubwa pia nimalize kazi?

Fundi_Maji
Usithubutu. Matumbawe, konokono, kamba, wote watakufa. Lile liache bila samaki hata mmoja; wengi wetu tunakwenda siku 76 ili kujihakikishia.

Mambo mawili tena. Bakteria wa sponji wanaosafisha amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki) wanalegea chumvi ikishuka, kwa hiyo ipime kila siku na punguza chakula. Pili, pH itashuka, yaani maji yataelekea kwenye asidi. Utaambiwa weka bikaboneti, ile ya kuokea keki (si magadi ya maharage!). Weka, lakini kidogo kidogo na amonia ikiwa sifuri, maana pH ikipanda amonia iliyomo inakuwa kali zaidi. Pampu ya hewa ya betri iwe tayari umeme ukikatika.

Kupanda ndiko kunakotaka subira. Kushuka samaki anavumilia, kupanda haraka kunamkausha. Usizidishe 2 kwa siku, yaani kama wiki mbili hadi 35. Ukishafika, mwangalie wiki mbili nyingine kabla hajarudi kwa matumbawe.

Mtu_wa_Kioo (Mombasa)
Maji ya kisima nimepima: 3. Nimeagiza mitungi.