Nilidropu mpira pasipotakiwa na nikapewa zawadi, nifanyeje wakuu?

mgeni_wa_tii: Wakuu habari zenu. Nina miezi tisa kwenye gofu, nacheza huku Arusha, na Jumamosi ndio ilikuwa mashindano yangu ya kwanza ya klabu, nikashika nafasi ya tatu kwenye divisheni yetu nikapewa begi la viatu na boksi la mipira. Sasa tangu jana silali vizuri.

Shimo la 7, par 4 (la mikwaju minne), nilipiga draiva mpira ukapinda kulia ukaingia kwenye miti karibu na vigingi vyeupe vya mpaka, tukatembea mpaka pale tukapekua majani weee, hatukuuona. Yule aliyekuwa anashika kadi yangu ya alama akasema dropu hapa hapa, yaani angusha mpira mwingine, ongeza mkwaju mmoja twende, wa nyuma wanasubiri. Nikadropu nikamaliza na 6. Halafu shimo la 12 nikaingia banka, lile eneo la mchanga, kulikuwa na jani kavu karibu na mpira nikalitoa, nikafanya swingi ya mazoezi fimbo ikagusa mchanga, mpaka leo nauona ule mstari ilioacha. Hakuna aliyesema kitu, tukasaini kadi.

Jana mzee mmoja pale klabu kaniambia hayo yote yana penati. Kweli mimi sikujua. Je, nirudishe zawadi?

Fimbo7: Pole mkuu, na umefanya vizuri kuuliza. Mpira ukipotea au ukitoka nje ya vigingi vyeupe huruhusiwi kudropu pale ulipopotelea, unarudi ulipopigia na kuongeza mkwaju mmoja, maana yake ukirudi kwenye tii, pale unapoanzia shimo, unapiga wa tatu. Ulivyofanya wewe umejisogeza kama mita 200 bure. Kwenye stroki plei, ile ya kujumlisha mikwaju yote, hilo ni kosa kubwa, usiporekebisha kabla hujaanza shimo linalofuata unatolewa kabisa. Jani la banka halina shida, tangu 2019 ruksa kulitoa. Mchanga kwa swingi ya mazoezi ndio mikwaju miwili.

MamaBirdie: Kuna klabu zina sheria ya ndani inayokuruhusu kudropu pembeni ya fairway, ile njia ya nyasi fupi, kwa mikwaju miwili badala ya kurudi nyuma. Soma nyuma ya kadi yenu.

mgeni_wa_tii: Nimesoma dada, haipo.

Kedi wa Zamani: Mimi nimebeba mabegi miaka mingi na hili nimeliona kila wiki. Kosa lako halikuanzia kwenye miti, lilianzia kwenye tii. Ukiona mpira umeelekea pabaya, kabla hujasogea waambie wenzako unapiga provizhino, yaani mpira wa akiba, ndio upige. Ukifika kule mna dakika tatu za kutafuta, zamani zilikuwa tano, zikiisha bila kuuona unaendelea na ule wa pili, hurudi nyuma wala humcheleweshi mtu. Ila usipige kimya kimya wala usiseme "ngoja nipige mwingine", kwa sababu hapo ule wa pili ndio umekuwa mpira wako na penati juu, hata ule wa kwanza ukutwe katikati ya fairway umeshakufa. Nimeona watu wanakaribia kulia kwa hilo.

Fimbo7: Hapo kwenye kutamka umesema kweli kabisa.

Hendikapu 19: Jamani mbona hamjamuuliza cha kwanza? Mkuu, mlicheza stroki plei au stableford?

mgeni_wa_tii: Stableford, za pointi kwa kila shimo.

Hendikapu 19: Basi habari inabadilika. Stableford kosa kama lile la shimo la 7 halikutoi mashindanoni, shimo lile tu linakuwa na pointi sifuri. La 12 ungeongezewa miwili ukahesabiwa pointi zilizobaki. Na kama matokeo yalishatangazwa na kweli hukujua, sheria haifukui tena, yanabaki yalivyo. Ungekuwa unajua ukanyamaza, hapo hata baada ya kutangazwa ungetolewa. Nenda kwa kapteni umweleze kama ulivyotueleza sisi.

MamaBirdie: Na usijione wa kwanza kwenye banka. PGA Championship ya 2010 pale Whistling Straits, Dustin Johnson alifika shimo la mwisho anaongoza kwa mkwaju mmoja, akagusisha fimbo kwenye mchanga ambao hakujua ni banka maana watu walikuwa wameukanyagakanyaga, akaongezewa miwili akakosa hata pleiofu. Yule analipwa kwa kazi hiyo na ana kedi pembeni.

mgeni_wa_tii: Nimetoka kwa kapteni sasa hivi wakuu. Amepiga simu kwa watu wa kamati, wamesema yanabaki. Mwenyewe nikaomba boksi la mipira apewe aliyeshika nafasi ya nne, kapteni amekubali, begi amesema nibaki nalo. Yule mwenzangu wa kadi naye nimemweleza, hakujua kama mimi, tumekubaliana tukae tusome kabla ya mwezi ujao. Ahsanteni sana, nimepumua. Kedi, swali moja: nikisema kwa Kiswahili "huu ni wa akiba, ule huenda umepotea" inakubalika au lazima lile neno la kizungu?

Kedi wa Zamani: Inakubalika, wanachotaka ni ieleweke wazi kwamba wa kwanza hujauacha. Sema kwa sauti, mwenzako aitike, ndio upige.