Nichague utafiti wa aina gani kabla ya kusomea ubingwa wa watoto?

Mwanafunzi wa mwaka wa nne, Dar es Salaam
Shikamooni madaktari. Nikimaliza shahada na mwaka wa utarajali, nia yangu ni kusomea ubingwa wa magonjwa ya watoto, na ningependa kukamilisha utafiti mmoja wa maana nikiwa bado chuoni. Nimeshauriwa niandike ripoti ya mgonjwa mmoja, au nipitie mafaili ya watoto waliozaliwa wamechoka (waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa), au nifanye mapitio ya kimfumo ya machapisho (kukusanya na kuchambua kwa utaratibu maalumu tafiti zilizokwisha kuchapishwa), au niwafuatilie watoto njiti baada ya kuruhusiwa wodini. Upi unanifaa?

Daktari bingwa wa watoto, Mwanza
Marahaba. Kwa muda uliobaki nao, mimi ningechagua mafaili, lakini usiandike andiko la utafiti kabla msimamizi wako hajakuombea ruhusa ya kuangalia mafaili ishirini hivi. Tazama kama alama ya Apgar (kipimo cha hali ya mtoto mara baada ya kuzaliwa) ya dakika ya tano imejazwa, na kama kwenye patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu wa kujifungua, mapigo ya moyo wa mtoto yameandikwa kila nusu saa, au yanaishia katikati ya uchungu na karatasi iliyobaki ni tupu. Ikiwa jambo unalotaka kulipima halikuandikwa, hakuna hesabu itakayolirudisha, na ni heri ubadili swali mapema kuliko baada ya kupata kibali cha maadili. Uliza pia mafaili yasiyoonekana ni ya nani, kwa sababu yakiwa zaidi ni ya watoto waliofariki, matokeo yako yataonyesha hali njema kuliko ilivyokuwa. Ripoti ya mgonjwa mmoja ni mazoezi mazuri ya kuandika, mradi mzazi akubali kwa maandishi.

Mwanafunzi wa uzamili, mwaka wa pili
Naongezea kuhusu mapitio ya kimfumo, ambayo wengi huyakimbilia kwa kuwa kwa kawaida hayahitaji kibali cha maadili. Kazi yake ni nzito: itifaki, yaani mpango wa kazi, husajiliwa PROSPERO (rejista ya mtandaoni ya mapitio ya kimfumo) kabla ya kuanza, watu wawili huchuja machapisho kila mmoja kivyake, na taarifa huandikwa kwa kufuata PRISMA ya mwaka 2020, mwongozo wa kuripoti mapitio ya aina hii. Makala za kulipia unaweza kuzipata kupitia Hinari, mpango wa WHO wa kuzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo machapisho ya afya, ikiwa chuo chako kimejisajili. Usianze peke yako.

Daktari, Dodoma
Kuwafuatilia njiti ndiko kungetupa majibu tunayoyahitaji sana, ila mama hubadilisha namba ya simu au hurudi kijijini kwao, na mwanafunzi hana nauli ya kumfuata. Kama moyo wako uko huko, mdogo wangu, omba kujiunga na timu ambayo tayari inawafuatilia, ubebe swali moja dogo ndani ya utafiti wao, na mkubaliane kwa maandishi tangu mwanzo nani atakuwa mwandishi wa kwanza wa makala hiyo.