Naombeni ushauri: ninakwenda Thailand kufundisha Kiingereza kwa mara ya kwanza

MwalimuMgeni
Habari zenu, wadau. Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Morogoro, nina shahada ya ualimu katika Kiingereza na Historia, na nimefundisha kwa miaka minne. Nimepata nafasi ya kufundisha darasa la kwanza na la pili katika mji wa Khon Kaen, kaskazini mashariki mwa Thailand, kwa muhula unaoanza katikati ya Mei. Wakala anayenishughulikia anasema niingie kwa viza ya utalii, kwamba habari za kibali cha kazi zitashughulikiwa nikishafika, na anataka nusu ya ada yake kabla sijauona mkataba. Sijawahi kufundisha watoto wadogo, na Kithai sijui hata neno moja. Je, nikubali masharti hayo, na nianze kujiandaa wapi?

MzeeWaChaki
Dada, fedha usitoe. Mwalimu huomba viza ya aina ya Non-Immigrant B, yaani ya kazi, akiwa bado nyumbani, akiambatanisha barua na nyaraka za shule iliyomwajiri, na tangu Januari 2025 maombi hayo hufanywa kwa njia ya mtandao. Baada ya hapo ndipo hufuata kibali cha kazi. Anayefundisha kwa viza ya utalii anavunja sheria, na siku ya ukaguzi atakayeulizwa ni yeye aliyesimama mbele ya ubao, si wakala. Omba mkataba wenye jina la shule, mshahara, idadi ya vipindi kwa wiki na mwenye jukumu la kulipia kibali. Ukikuta umeandikwa mwaka 2568 usishtuke, kwa maana hesabu yao ya Kibuddha imeitangulia yetu kwa miaka 543, hivyo huo ni 2025.

BintiPwani
Naongezea upande wa makaratasi. Andaa cheti halisi cha shahada pamoja na orodha ya matokeo, na hati ya polisi ya tabia njema. Kwa kuwa Kiingereza si lugha yetu ya kuzaliwa, wengi wetu tuliombwa matokeo ya TOEIC, mtihani wa kupima Kiingereza, yasiyopungua alama 600, kwa hiyo ufanye mapema. Kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, nayo huulizwa kwa wasafiri wanaotoka Tanzania, na chanjo yenyewe inapaswa iwe imechomwa angalau siku kumi kabla ya safari.

MwalimuMgeni
Nawashukuru sana. Je, cheti cha TEFL (cha kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni) cha saa 120 cha mtandaoni kinatosha?

MzeeWaChaki
Waajiri wengi hukikubali, lakini mara nyingi hutagusa darasa hata siku moja. CELTA, cheti kingine cha kufundisha Kiingereza, ni ghali, ila ndani yake kuna saa sita za kufundisha wanafunzi halisi huku ukisimamiwa. Wewe una miaka minne ya chaki, kwa hiyo ningekushauri uitunze fedha hiyo, kisha uombe ruhusa ya kukaa wiki mbili katika darasa la kwanza la shule ya jirani, uwaone walimu wa watoto wadogo wanavyofanya kazi.

BintiPwani
Hapo ndipo penye kazi yenyewe, dada. Nyumbani ukikwama unaingiza Kiswahili na somo linaendelea. Kule huna pa kukimbilia. Wiki yangu ya kwanza niliandika andalio la somo zuri ajabu, nikasimama nikaeleza maana ya "under" kwa maneno mengi, na watoto zaidi ya arobaini wakanitazama kwa adabu bila kuelewa kitu. Siku iliyofuata nilichukua kiatu changu, nikakiweka juu ya meza, kisha chini yake, kisha kichwani kwangu. Walicheka, na neno likakaa. Tangu siku hiyo nikitayarisha kipindi huanza kwa kujiuliza nitashika nini mkononi, na maneno huja baadaye.

Sikio lako pia ulifunze. Sisi tukichukua neno la Kiingereza hulifunga kwa irabu, ndiyo maana "bus" likawa basi. Mthai hutamka s ya mwisho kama t, na l ya mwisho kama n, hivyo "bus" utalisikia kama "bat", na "ball" kama "bon". Usidhani mtoto hajui neno, wala usimcheke, maana nasi tuna yetu. Mazoezi ya sauti za mwisho, dakika tano kila siku, yanasaidia kuliko kurasa kumi za sarufi.

MwalimuMgeni
Nimemwandikia wakala nikidai mkataba wenye jina la shule. Amejibu kwamba uko njiani, ila nitume ada leo.

MzeeWaChaki
Mjibu kwamba ada nayo iko njiani. Wakati huohuo, tafuta mwenyewe anwani ya shule hiyo, uwaandikie moja kwa moja uwaulize kama wanakufahamu.

MwalimuMgeni
Nimekwama hapo hapo, mzee wangu. Jina la shule hajawahi kunitajia.