Ushauri wa haraka: mama anaharisha, nimpe probayotiki ya pakiti au mtindi?

Mnyiramba wa Mjini: Wakuu, heshima kwenu. Mama yangu ana miaka 61, leo siku ya nne anaharisha, ilianza alipopewa antibayotiki. Duka la dawa wameniuzia probayotiki ya pakiti (vijidudu hai vya kusaidia tumbo), ile ya Saccharomyces boulardii, bei yake imeniumiza. Shangazi anasema mtindi unatosha. Kipi kinasaidia? Sijalala.

Kibuyu: Mtindi, mkuu. Bibi alitulea kwa maziwa ya kibuyu wajukuu kumi na moja, wote tupo. Mimi tumbo lilinikamata njiani naenda Dodoma, konda hataki kusimamisha basi, hayo niachieni mwenyewe. Mtindi ndio ulioniokoa.

Bi Mkunga: Ni vitu viwili tofauti. Mtindi una bakteria wa maziwa. Hiyo ya pakiti ni chachu, ukoo mmoja na hamira; Mfaransa Henri Boulard aliipata Indochina miaka ya 1920. Antibayotiki huua bakteria, chachu haiigusi, ndiyo maana watu hupewa pamoja. Ila kwanza ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, anywe kidogo kidogo. Antibayotiki alipewa ya nini?

Mnyiramba wa Mjini: Kidonda kidogo tu kifuani. Naomba tubaki kwenye swali langu.

Bi Mkunga: Kidonda cha nini, mwanangu?

Mnyiramba wa Mjini: Pale ulipoingia mpira wa dawa. Yuko kwenye kemo, mzunguko wa tatu. Sikusema kwa sababu mkisikia saratani mnaleta miti shamba. Nimeshampa pakiti mbili tangu jana. Imeandikwa ni ya asili.

Bi Mkunga: Simamisha sasa hivi. Kemo hushusha chembe nyeupe, kinga inakuwa chini, na chachu hai inaweza kuingia kwenye damu. Ukichana pakiti karibu naye, unga wake hupeperuka, hushika mikono na kufika kwenye huo mpira. Mtindi wa maziwa mabichi nao usimpe. Pigia wodi yake leo.

Mnyiramba wa Mjini: Kliniki ni Alhamisi, dada. Nikipiga watanigombeza. Na tangu jana ameenda mara tatu, juzi zilikuwa sita. Si inafanya kazi?

Mwana wa Mchungaji: Mama hana mbadala. Unaogopa kugombezwa kuliko kumpoteza?

Jicho la Tai: Hii chai. Akaunti ina wiki moja, jina la dawa kaliandika bila kukosea herufi, na "tangu jana ameenda mara tatu" ni tangazo kabisa. Kesho atatokea mwenzake na namba ya simu.

Kibuyu: Hata mimi nilishtuka. Wale wa virutubisho huanza hivihivi.

Bi Mkunga: Iwe chai isiwe chai, kuna mtu anasoma hapa na mgonjwa wake yuko chumbani. Umempima joto? Mtu wa kemo akifika 38, hasubiri Alhamisi.

Mnyiramba wa Mjini: Jina nimelinakili kwenye boksi. Ningekuwa nauza ningewatajia bei. Nimetoka kumpima, 38.4. Bajaji ipo mlangoni.

Bi Mkunga: Beba na hilo boksi. Wakikuuliza amekula nini, waambie hizo pakiti zote mbili.