Ndege wa Santa Marta: spishi mbili, au spishi moja yenye lafudhi mbili?

Mwalimu wa Baiolojia
Kwenye Sierra Nevada de Santa Marta, milima ya Kolombia iliyojitenga na Andes, ndege wadogo wa jenasi ya Henicorhina wamegawana mwinuko: kundi liitwalo bangsi chini, na liitwalo anachoreta juu, wakikutana karibu na mita 2,000. Zamani wote walihesabiwa nususpishi, yaani makundi ya ndani ya spishi moja, za Henicorhina leucophrys, anayeenea kutoka Meksiko hadi Bolivia, lakini sasa anachoreta ameorodheshwa kuwa spishi kamili. Sikubali. Ndege hawa hujifunza kuimba kwa kusikiliza, na wimbo wa kujifunza ni lafudhi tu, kama Kimvita kilivyo Kiswahili kilichopinda.

Binti wa Mvita
Shikamoo, Mwalimu. Ndege nitawafikia, ila hilo la kupinda silimezi. Kimvita kilikuwa na mashairi yake muda mrefu kabla ya mkutano wa Mombasa wa 1928 kukiteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kosa hilohilo umelifanya mlimani: mwenye jina lililozoeleka umemfanya kipimo, na mwenzake umemwona amepotoka.

Msikilizaji wa Alfajiri
Dada amekasirika kwa haki, na mfano wenyewe haufai, kwa sababu Wamvita na Waunguja huoana. Utafiti uliochapishwa 2013 ulichezesha nyimbo zilizorekodiwa, na kila ndege akaitikia kwa nguvu zaidi wimbo wa mwinuko wake. Maumbo yalitofautiana, vinasaba vilitofautiana, na dalili za kuchanganya damu zilikuwa chache mno au hazikuwapo. Tena ilielekea kwamba hawa si ndugu wa karibu zaidi, bali kila kundi liliingia milimani kwa safari yake.

Mwalimu wa Baiolojia
Marahaba, binti yangu. Neno la kupinda nalifuta. Lakini chingolo wa Argentina, anayefanana na shomoro, hubadilisha ile sehemu ya mwisho ya wimbo inayotetema kutoka eneo moja hadi jingine, kama mtafiti wa nyimbo za ndege Fernando Nottebohm alivyoeleza mwaka 1969, na bado ni spishi moja.

Msikilizaji wa Alfajiri
Ndiyo, na ndiyo maana hakuna aliyemtenga anachoreta kwa wimbo peke yake.

Binti wa Mvita
Basi mnijibu kuhusu huyu bangsi wa chini, ambaye hamjamtaja tena. Yeye amebaki nususpishi ya leucophrys. Je, amelinganishwa na wenzake wa Andes kwa makini kama alivyolinganishwa na jirani yake wa juu?